Tume Inakuja Sebuleni Kwetu

Wanakuja hapa hapa, Zena! Tume nzima, mwenyekiti wao na makarani wao na kile kidude cha kunasa sauti, wote wanakuja kukaa sebuleni kwetu, juu ya makochi yetu, kunisikiliza mie mamako niliyeishia darasa la saba. Binti wa tume amekuja leo baada ya swala ya Ijumaa, wewe ukiwa Makurunge kuwaaga shangazi zako. Amesimama upande wa pili wa pazia akanieleza kwa adabu, na alipoondoka nikakaa chini palepale mlangoni kama mzigo uliodondoshwa.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo mwanangu, Zainabu binti Shomari, roho yangu, mtoto wa kwanza wa mtaa huu kuitwa kazini na serikali kwa karatasi yenye mhuri? Mie sijambo, kwa kiasi cha mjane aliye edani, anayeliona jua kwa dirishani na kuzipata habari za mji kwa wapita njia.

Barua hii usiifungue hapa. Ifungue basi la Mwanza likishapita Msata. Mjomba wako Salumu ndiye atakayekupeleka stendi alfajiri, maana mie nitaishia kizingitini, na uso wako haujui kuficha kitu, hilo umelirithi kwa babako. Akikutazama tu atajua kuwa nimekuandikia, na atajua nimekuandikia nini.

Habari za kula vizuri na kuvaa sweta na kutomwazima mtu kitanda chako, hizo sikuandikii. Shangazi zako watakuwa wameshakujaza mpaka masikio yamefura. Nakuandikia jambo moja tu ambalo kwa mdomo siliwezi, na sababu unaijua. Mdomo wangu ukishaanza hausimami. Nikisimulia kuku kaingia jikoni, nikifika mwisho kuku amekuwa mbuni. Watu wote hapa Mlingotini wananiita Mama Daktari, na wewe kazi yako ni ya maabara, kupima damu na makohozi. Uliponisahihisha mbele ya wageni nikakujibu, "Basi daktari atatibu nini bila wewe?" Wakacheka, na jina likabaki. Lakini kalamu ni nzito mkononi mwangu. Kila neno nalitolea jasho, na mtu anayetoa jasho kwa kila neno hana haja ya kuongeza ya bure.

Ile samansi ya kwanza ulinisomea wewe mwenyewe. Kwamba tume inachunguza wanunuzi wa mwani, kama ni kweli walikaa wakapatana ili sisi wakulima tusiwe na pa kukimbilia. Kwamba mie, mjane wa Shomari aliyekuwa wakala wa kampuni moja, na dada wa Salumu ambaye ni wakala wa kampuni ya pili, natakiwa nifike Dar es Salaam kutoa ushahidi, na niende na simu ya marehemu. Ule mstari wa mwisho uliusoma mara mbili: asiyefika bila sababu ya msingi atakuwa ametenda kosa. Mie nikacheka. "Mwanangu, mie niko edani. Mjane hatoki. Tume na iende ikabishane na sheria ya Mwenyezi Mungu." Nilipomaliza kukuambia wewe nikamwambia shoga yangu Bi. Tatu, kisha nikawaambia wote waliokuja kunipa pole. Serikali haiwezi kunitoa humu ndani! Nilijivunia eda kama wenzangu wanavyojivunia nyumba za vigae.

Leo binti wa tume ananiambia, "Mama, ni kweli hatuwezi kukutoa. Ndiyo maana tunakuja. Sheria inaturuhusu kumfuata shahidi alipo."

"Nami nitakuwa wapi, mwanangu? Niketi mbele ya wanaume?"

"Utakaa nyuma ya pazia, kama hivi. Mie nitakuwa ndani nawe, nishuhudie kuwa anayesema ni wewe na hakuna anayekunong'oneza. Na wanaotuhumiwa watakuwepo. Wana haki ya kukusikia na kukuuliza."

"Wote?"

"Wote, mama. Na mdogo wako pia."

Nikamuuliza, "Na nikisema nimesahau?"

Ana sauti ya upole binti yule, nadhani ana mama mwenye mdomo kama wangu. Akasema, "Kusahau si kosa. Ila tutakuuliza na kilichokusahaulisha."

Basi, Zena, niko hivi: mbele yangu kuna pazia, nyuma yangu kuna jiko, na nyumba yenyewe imeshajulikana. Siwezi kukimbia kwa sababu niko edani, na siwezi kusema niko edani kwa sababu wanakuja edani.

Sasa nikueleze siku yenyewe wanayoiulizia. Wewe ulikuwa chuoni, hukuwepo. Yote uliyoyasikia kwangu, na kwa Bi. Tatu, na kwa watoto wa mtaani, yafute. Nakuandikia ile isiyo na chumvi, na ni mara ya kwanza kuitoa mdomoni au mkononi. Nimeisimulia ile nyingine mara nyingi mno, hata usiku mmoja niliota ile ya uongo.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, hatukwenda shambani. Babako alirudi kutoka ghalani na vumbi la mwani kichwani, akaniambia Salumu anakuja na mgeni wake kutoka Dar. Nilifurahi ewe! Nilitoa vile vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, nikachemsha kahawa ya tangawizi, nikapika vitumbua, nikapiga deki mpaka ukumbini. Mgeni akaja, bwana wa viatu vya kung'aa. Hata jina lake silijui, namwita Bwana Viatu. Alivivua mlangoni akaviweka pembeni, peke yake, visiguswe na ndara zetu.

Mie nikasimama na sinia nyuma ya pazia, hili hili. Nilikuwa nangoja mahali pazuri pa kuingilia, maana mke anayejua mambo haingii katikati ya sentensi. Ndiyo nikasikia. Aliyekuwa akisema ni mjomba wako. Alisema, "Tukigombania hawa wanawake, sote tutaumia. Mlingotini iwe ya shemeji, Mbegani iwe yangu. Mwanamke akivuka na gunia lake kuja upande wa mwenzake, arudishwe. Na bei tutaje moja." Bwana Viatu akauliza, "Hawatapeleka kwingine?" Salumu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Wapi, bosi? Mwenye chungu jikoni hana muda wa kutafuta soko."

Kisha Salumu akauliza, "Au vipi, shemeji?"

Babako akasema, "Nipeni muda."

"Muda wa nini tena?" akauliza Bwana Viatu.

Na babako, nilimwona kwa upenyo wa pazia, alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Kahawa nilikuwa nayo mie. Akasema, "Haya."

Hilo tu. Babako alisema "Haya". Sitamwondolea, kwa sababu alilisema, lakini sitamwongezea la pili.

Na mie? Mie nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikaingia na sinia. Bwana Viatu akanywa, akafumba macho, akasema, "Mama, kahawa hii hata Dar hakuna." Mwanangu, nilipaa. Nilirudi jikoni nikijisikia mke wa waziri. Sikukumbuka kabisa kuwa mwani waliokuwa wakiugawana ni wangu na wa wenzangu, kamba zangu, mgongo wangu uliopinda kwenye maji, vidole vyangu vilivyochanika kwa kufunga. Watu wakubwa walikuwa wamekaa kwangu wakasifu kahawa yangu. Hilo lilinitosha.

Nadhani mkutano ule ungepita hivyo hivyo, ungekwisha kimya. Lakini ikaja harusi ya binti wa Bi. Tatu kule Mbegani. Tulikuwa uani tunamenya vitunguu saumu vya pilau, wanawake mkeka mzima. Mmoja, simtaji, akanirushia: "Ati Mama Zena, mumeo kazi yake si kubeba magunia ya wenye kampuni? Mbona unatembea kama mke wa mwenye kampuni?" Wakacheka. Wangecheka tu na pilau lingepikwa. Mie nikaweka kisu chini.

"Mume wangu abebe magunia? Bei ya mwani ya pwani yote hii inapangwa sebuleni kwangu! Shomari akisema, wakubwa wa Dar wanaitika. Yeye ndiye aliyewaita, yeye ndiye aliyewagawia, huku wewe, huku wewe, na msahafu ukawekwa mezani wakaapa!"

Msahafu, Zena! Sijui ulitoka wapi. Haukuwepo mezani, palikuwa na vitumbua. Nilipousema nikauona kabisa, na jalada lake la kijani.

Mkeka ulinyamaza. Nilidhani wamenyamaza kwa heshima. Bi. Tatu peke yake ndiye aliyeendelea kumenya, polepole, na hakuniangalia. Sikujua wakati ule kwamba wiki kabla ya hapo alikuwa amebeba gunia lake kutoka Mbegani kuja ghala la huku, akarudishwa mlangoni. "Rudi kwenu," wakamwambia. Mvua ikamkuta njiani, mwani ukalowa wote, hata huko kwao hawakuupokea tena. Alikuwa amekaa na swali lake, amekosa wa kumuuliza. Mie nikamletea jibu bure, na kitunguu mkononi.

Babako habari zilimfikia jioni ile ile. Hakunigombeza, unamjua. Alisema, "Mama Zena, umenivisha kilemba cha ukoka. Ipo siku mbuzi atakuja kukila." Nikamwambia aache maneno yake, watu sasa wanamheshimu. Akaenda kunawa miguu. Hakulizungumza tena mpaka alipougua, na alipougua tulikuwa na mengine ya kuzungumza.

Unaona kilipo kitanzi sasa? Tume ilipokuja kuuliza wanawake, wanawake walisema walichokisikia. Hawakudanganya. Walisema, "Mkewe mwenyewe ametuambia. Shomari ndiye mpangaji." Bi. Tatu alikuja mwenyewe kuniambia, akaketi hapa kwenye mkeka wangu wa eda, na kahawa nikampa.

"Shoga, nimekutaja."

"Umenitaja?"

"Nimekutaja. Ningefanyaje? Ulinisimulia kwa mdomo wako."

"Na ulisema msahafu?"

"Nilisema ulisema msahafu."

"Ah, Tatu!"

"Usiniite Ah Tatu. Kwani haukuwepo?"

Sikumjibu. Mara ya kwanza maishani mwangu nimekosa neno mbele ya Tatu, akaniangalia kwa mshangao kama anayeona kisima kimekauka. Alimaliza kahawa yake akaondoka, lakini kesho yake alirudi, na kila siku anarudi, ananisuka, ananiletea habari za maji ya bamvua. Hanisemeshi habari ya tume. Anangoja. Wanawake wote wa kamba za mwani, wa hapa na wa Mbegani, wanangoja, maana mwenye ushahidi wa kusikia kwa masikio yake ni mie peke yangu. Wao wana ya kuambiwa, na binti wa tume amenieleza kuwa ya kuambiwa hayatoshi.

Na Salumu naye anangoja. Mwanangu, mjomba wako usimchukie ukisoma haya. Nilimbeba mgongoni mwaka mama yetu alipokuwa kitandani, nilikuwa mdogo hata miguu yake ikigusa magoti yangu. Wewe mwenyewe alikubeba mabegani Maulidi zote ulizowahi kwenda. Tangu babako aondoke, mchele wa nyumba hii ni yeye, samaki ni yeye, na kwa kuwa ni ndugu yangu wa damu, ndiye mwanamume pekee anayevuka pazia. Anaingia, anavua kofia, "Shikamoo dada." Kila asubuhi. Na juzi, wewe ukiwa bombani, alipiga magoti hasa, machozi yakimtoka.

"Dada, ulikuwa jikoni. Jikoni hakusikiki kitu, sufuria zinalia."

"Nilikuwa nyuma ya pazia, Salumu."

"Basi ulisikia uliyoyasema harusini. Kwamba marehemu ndiye aliyepanga. Mbegani nzima wamekusikia, mie sikukutuma."

"Shomari hakupanga."

"Dada." Akanishika mkono. "Marehemu hashitakiwi. Aliyelala kaburini hatozwi faini, hafukuzwi kazi, hana watoto wadogo wanaokwenda shule kesho. Mwache abebe hili. Angekuwa hai angekubali mwenyewe, shemeji alikuwa mtu wa haya."

Alilisema hivyo, Zena. Mtu wa haya. Na kweli angekubali. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba babako angelikubali na hili pia, akatazama kikombe, akasema haya.

Kisha akaiomba simu. Sababu ninaijua, na wewe sasa uijue. Siku chache baada ya maziko niliianza tabia ya kuisikiliza simu ya babako, zile sauti ulizonifundisha kubonyeza. Kuna moja ananiita kutoka shambani, "Mama Zena, maji yameshatoka, njoo basi, nakusubiri," na nyuma yake upepo. Naisikiliza asubuhi nikimaliza kuswali. Siku moja kidole kikateleza nikafungua ya Salumu. Ilikuwa ya siku moja kabla ya ule mkutano. "Shemeji, wewe toa sebule tu, na dada atoe kahawa. Maneno niachie mie."

Kwa hiyo simu ile ina sauti mbili. Ya kwanza ninaihitaji ili niamke, na ya pili ndiyo itakayomwondolea babako kilemba nilichomvisha na kumvisha mdogo wangu. Tume ikiichukua, inazichukua zote mbili. Nilimuuliza binti, "Itarudi?" Akasema itaandikiwa stakabadhi, itarudi shauri likiisha. Nikamuuliza mashauri ya tume huisha lini. Akasema, "Mama, tutajaribu kuipiga nakala ile sauti nyingine tukuachie." Tutajaribu. Nimeshaishi vya kutosha kujua neno hilo lina miguu mifupi.

Salumu akasema, "Usinipe mie, kama huniamini. Mpe Zena aende nayo Mwanza. Huko mbali hakuna atakayeuliza. Ukiulizwa hapa, utasema haipo, na itakuwa kweli haipo."

Sasa sikia. Nilifanya hivyo.

Jana, ulipokwenda dukani kununua kufuli la sanduku, niliizima simu nikaifunga ndani ya ile doti ya khanga mpya niliyokupa, ya rangi ya zambarau, katikati ya shuka zako. Nilijiambia naiweka salama. Nilijiambia ni ya babako, na mtoto ana haki ya kitu cha baba yake. Nikajisifu moyoni kwa akili yangu, maana hata nikiwa peke yangu siachi kujisifu. Ukarudi, ukafunga kufuli, ukanionyesha ufunguo umeutundika shingoni kama hirizi. Ukasema, "Mama, hapa hata mwizi wa Dar es Salaam hafungui." Ukacheka kicheko cha babako.

Leo alipoondoka binti wa tume ndipo nilipoketi pale mlangoni nikakiona nilichokifanya. Nilikuwa nimekwisha kukuchukulia kazi yako ya kwanza nikaitia doa kabla hujafika. Wewe unayekwenda kusema damu hii ina hiki na haina hiki, ukatia sahihi, na mtu akatibiwa kwa neno lako, nimekufungia ndani ya sanduku kitu ambacho sheria inakitafuta. Wakikuuliza, ungesema hujui, na ungekuwa husemi uongo, na bado ungekuwa umeubeba. Nami najua uzito wa kubeba maneno ya mtu mwingine. Babako ameyabeba yangu mpaka kaburini.

Ufunguo wa pili wa kufuli ulikuwa umeuacha juu ya kabati, mwanangu, kwa hiyo yule mwizi wako wa Dar angefungua. Nimeitoa simu. Ukifika Mwanza ukiikuta khanga ya zambarau imekunjwa ovyo, ujue hapo ndipo ilipokuwa. Sikuweza kuikunja tena sawa. Sasa iko kwenye kikapu cha nyuzi za kufungia mwani, mahali ambapo Salumu hatafuti, maana hajawahi kufunga mwani.

Usidhani kuwa nimekuwa shujaa. Naogopa, Zena. Namwogopa hata Bwana Viatu, ambaye atakuja na mawakili wake, na yeye mwishowe atavaa viatu vyake na kuondoka, na sisi tutabaki kutazamana, mie na mdogo wangu, na mchele wake ndani ya gunia jikoni kwangu. Najua akiadhibiwa, kampuni itamtema kama kokwa. Najua mkewe hatanikanyagia tena mlango. Najua kuna watakaosema dada gani huyu. Na nikinyamaza kuna watakaosema mke gani huyu. Nimeizungukia nyumba hii kwa mawazo, chumba kwa chumba, nikitafuta mlango ambao nikiutokea sitamkanyaga mtu. Haupo. Kila ninaouwaza una mtu kizingitini: kwa mmoja Salumu amekaa, kwa mwingine babako amelala.

Na kabla ya kulifikia la Salumu kuna jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko hilo, usinicheke. Binti amenieleza kuwa baada ya kiapo wataanza na la harusini. Mawakili watasoma maneno yangu: je, mama, ulisema haya? Nami nitatakiwa kujibu, mbele ya Tatu na wanawake wote watakaojaa barazani, kwamba nilisema, na kwamba si kweli. Msahafu haukuwepo. Mume wangu hakuwagawia watu pwani. Mume wangu alikuwa wakala wa kusimamia ghala tu, na magunia aliyabeba pia, siku wapagazi walipopungua, naye akirudi jioni nilimkanda mgongo. Itabidi niyaseme yale yale aliyonisema yule mwanamke kwenye vitunguu, niyaseme kwa mdomo wangu mwenyewe, na kidude kiyanase. Nikishalisema hilo ndipo watakaponiamini kwa lililobaki. Binti hakuniambia hivyo, lakini nimeelewa mwenyewe. Nimefanya biashara maisha yangu yote. Mteja akikukuta na pishi moja la uongo, hata la kweli atalipima upya.

Nimekuwa nikijizoeza tangu alasiri. Naketi nyuma ya pazia nasema kwa sauti: "Sebuleni kulikuwa na watu watatu." Nikifika hapo tu, moyo unataka niseme watu wazito watatu. Nasimama. Naanza tena. Hujui ninavyotaabika, mwanangu. Kama ingekuwa kazi ya mikono ningeshaimaliza.

Jambo ninalokuomba, na si wosia, ni kwamba ukifika huko wakakuita daktari, uwasahihishe siku ile ile ya kwanza. Usingoje wakuzoee. Mie nitaendelea kukuita hapa nyumbani, hilo siwezi kuliacha, umri umekwenda. Lakini huko wewe uwe wa maabara, na wa maabara hasa, na mamako ajivunie hilo hilo lilivyo. Nalo ni kubwa. Wallahi ni kubwa kuliko nilivyowaambia watu, na nimewaambia makubwa.

Salumu nitamwambia kesho, akirudi kutoka kukusindikiza. Sitaki alisikie kwanza siku ya tume akiwa amekaa kwenye kochi langu. Nitamtilia chai, atavua kofia, atasema shikamoo dada, nami nitamwambia kuwa nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia. Nitamwambia pia kuwa nitasema alivyolia juzi, kama watanipa nafasi, na kwamba mchele wake ameuleta kwa upendo na si kwa hongo. Sijui atajibu nini. Huenda akaondoka na gunia lake. Huenda akakaa. Nilimbeba mgongoni, lakini alikuwa upande wa nyuma. Uso wake sikuwahi kuuona.

Wewe usirudi. Najua utakaposoma hapa utataka kumwambia dereva asimame. Usithubutu. Una siku ya kuripoti, na mtu aliyeitwa aende alikoitwa. Mie nimeitwa hapa, nawe umeitwa huko. Ila asubuhi ya siku ya tume nipigie kwenye simu yangu, useme neno lolote, hata habari ya bei ya sangara, nisikie sauti ya mtu wa nyumba hii, maana ile ya babako nitakuwa nimeshaiweka mezani.

Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu nimeviosha. Tatu aliniuliza kama nitawapikia kahawa nikasema mgeni ni mgeni, hata aliyekuja kukuapisha. Ila safari hii sinia atalipeleka yeye. Mie nitakuwa nimeketi.

Ni Jumatano ile inayofuata Maulidi ya hapa mtaani, watu wakishatoka swala ya adhuhuri. Watakuja wote.

Mamako akupendaye,
Mwanaisha